Mume wangu anahesabu ninachokula kwa bati, na sasa anataka nifungue mgahawa

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu usilitoe maana mume wangu naye anasoma safu hii, tena yeye ndio alinionyesha. Nina miaka 36, mtumishi wa serikali, ofisi yetu iko kule Mji wa Serikali Mtumba. Kwetu ni Tanga, nilikuja Dodoma wakati serikali inahamia, mume nikampata huku huku, yeye ni wa Mpwapwa na ana duka la spea za pikipiki. Tuna watoto wawili, tumepanga Kisasa.

Tatizo langu ukilisikia unaweza kucheka. Mimi napenda kupika na napenda kwenda kula. Basi. Sinywi, sishindani na mtu kwa vitenge, saluni naenda nikilazimishwa na sherehe. Ila chakula Anti, hapo ndio kwangu.

Jumapili nikitoka kwenye shughuli zangu za asubuhi naingia jikoni na sitaki mtu anisemeshe. Nakuna nazi mwenyewe kwenye mbuzi, na nazi za huku unazijua, zinakuja na malori kutoka pwani, unanunua tatu moja unaipasua unakuta imeoza na hela imeenda. Tui la kwanza naweka pembeni, la pili na la tatu ndio nachemshia mbaazi mpaka zilainike, halafu lile zito natia mwishoni, moto mdogo, hapo sitoki hata mtoto akilia namwambia subiri. Na ya huku nimejifunza pia. Mama mkwe ndio alinifundisha mlenda mkavu, ule wa unga, maji yachemke kwanza, magadi kidogo sana, unamwaga unga huku unakoroga usishike mabonge, nyanya, halafu karanga zilizosagwa, na ugali wake wa uwele. Mwanzo niliona kama adhabu, sasa hivi nikikaa wiki mbili bila mlenda nautafuta. Msimu wa zabibu nasaga juisi, friji nzima zabibu.

Sasa upande wa pili ni kula nje. Nina sehemu zangu. Kuna mama mmoja nyuma ya soko la Majengo, wali maharage, kibanda cha kawaida kabisa, ila maharage yake anayaunga mara mbili na ile ya pili sijui anatia nini, nimemuuliza mpaka nimechoka anacheka tu. Jumamosi nikipata nafasi naenda mnadani Msalato, paja la mbuzi unachagua mwenyewe linapimwa linachomwa, unakaa kwenye benchi vumbi linapita hapo hapo na hujali. Na mshahara ukitoka kuna mgahawa mmoja Area D nafuata biriani. Mara nyingine nawachukua watoto, mara chache rafiki yangu wa ofisini, ila mara nyingi naenda peke yangu. Simu naweka kwenye pochi nakula taratibu. Yaani kukaa mtu akakuletea sahani ambayo hukuimenyea hata kitunguu, na wewe kazi yako ni kuonja tu na kufikiria huyu kaweka iliki au kaweka mdalasini, sijui nikuelezeje.

Mume wangu zamani alikuwa anacheka tu. Shida imeanza na ujenzi. Tuna kiwanja Nala, nyumba imefika lenta na imesimama hapo muda sasa tunatafuta hela ya kupaua. Basi akaanza kuhesabu kila kitu kwa bati. Nikirudi na harufu ya moshi wa nyama ananiuliza, "Leo umekula bati ngapi?" Nikinunua nazi, hizo ni misumari. Mwanzo ilikuwa utani tukacheka wote, sasa hivi watoto nao wanasema, juzi mdogo kaniuliza mama hii soda ni bati?

Halafu ikaja harusi ya mdogo wake mwezi wa nane. Pilau la watu nilisimamia mimi, masufuria ya kukodi, usiku kucha mimi na kina mama wa mtaani. Likatoka vizuri kwa kweli, sitaki kujisifu. Watu wote shemeji fungua mgahawa, wifi fungua mgahawa, utapiga hela. Mume wangu tangu siku ile hana wimbo mwingine. Kapata fremu Ilazo, mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita mbele na anasubiri jibu mwisho wa mwezi huu. Mpango wake ni mimi nichukue mkopo kwa mshahara wangu, tuajiri wasichana wawili, mimi niamke saa tisa usiku niandae kabla ya kwenda Mtumba, jioni nikirudi napitia, yeye atasimamia mchana kwa sababu duka lake ana kijana. Anasema nyumba itapauliwa ndani ya mwaka.

Mimi sitaki Anti. Na si kwamba sijajaribu. Mwaka jana niliwahi kupika chakula cha mchana cha oda kwa wenzangu ofisini. Wiki za mwanzo raha, baadaye leo nyama ndogo, leo chumvi imezidi, huyu hajalipa, yule analipa mwisho wa mwezi. Ikafika mahali Jumapili nikisikia harufu ya kitunguu kinakaangwa nataka kulia. Niliacha, na ilinichukua muda mrefu jikoni kuwe kwangu tena.

Nimemwambia hapana. Akanijibu maneno ambayo hayanitoki, kwamba kama kupika ni starehe tu na kula nje ni starehe tu, basi starehe moja iache kwa ajili ya watoto. Yaani kama mgahawa sitaki basi na kula nje mwisho, hela yote iende Nala. Mama mkwe kapiga simu, mwanamke ana jiko lake anafuata nini kwenye majiko ya watu. Na wifi yangu mkubwa ndio kamaliza kabisa, kasema mbele ya watu kwamba mwanamke haendi kula peke yake, kuna anayemlipia. Mume wangu alikuwepo na alikaa kimya.

Sijui nifanye nini. Nikikubali mgahawa najua nitachukia kupika. Nikikataa naonekana mbinafsi nakula bati za watoto. Au niseme nimeacha kwenda halafu niwe naenda kimya kimya? Nisaidie.

Mpenda Kula, Dodoma

JIBU

Marahaba mdogo wangu.

Nimecheka kwenye bati, sikufichi, halafu nilipofika kwa mtoto na soda yake kicheko kikaisha. Asante kwa barua ndefu, na asante kwa mbaazi maana nimeisoma saa ambayo nilikuwa sijala.

Nikikuelewa vizuri, una mume mchapakazi, nyumba iliyosimama kwenye lenta, kipaji ambacho watu wamekiona kwenye harusi, na raha mbili ulizokuwa nazo kabla hata ya nyumba hiyo. Sasa vyote vimefungwa kamba moja. Umewekewa uamuzi kwamba ama kupika kwako kuzae hela ama kula kwako kukome, na umeupokea hivyo hivyo ulivyopewa, unaniuliza uchague upi. Mimi ningependa kwanza tuifungue hiyo kamba, maana sioni mgahawa wa Ilazo na sahani ya maharage ya Majengo vinahusianaje mpaka kimoja kiwe malipo ya kingine. Mumeo kaviunganisha siku amekasirika. Inawezekana hata yeye mwenyewe hajakaa akavifikiria.

Tuanze na mgahawa kwa sababu ndio wenye tarehe.

Watu waliokula pilau lako hawakusema uongo. Ila walichokiona ni mpishi, na mgahawa unahitaji mpishi kidogo na mfanyabiashara sana. Mwenye mgahawa kwa kweli hapiki, yuko kaunta anahesabu, yuko sokoni Majengo alfajiri anabishana bei ya nyanya ambayo wiki iliyopita tenga lilikuwa nusu ya hapo, anampigia simu msichana ambaye hajaja kazini bila taarifa, anamdai mteja aliyekula mwezi mzima. Pilau la harusi unalipika mara moja na watu wana furaha tayari. La mgahawa lazima Jumanne liwe vile vile lilivyokuwa Jumatatu, hata siku ambayo mwili unauma. Wewe hili unalijua kuliko mimi, ulishalionja kwa wenzako wa ofisini, na ndio maana nashangaa kidogo kwamba umelitaja kama vile ni udhaifu wako. Mimi naona ni taarifa. Je, mumeo aliwahi kuambiwa ile habari ya kitunguu na kutaka kulia, au alijua tu kwamba uliacha? Maana mtu akijua tu uliacha anaweza kudhani ulichoka kubeba hotpoti.

Na yeye mwenyewe ni mtu wa biashara, hilo usilidharau. Duka la spea kuliendesha si mchezo. Lakini plagi ya pikipiki isipouzwa leo itauzwa mwezi ujao, iko pale pale kwenye rafu. Wali ukibaki jioni ni hasara ya siku ile ile. Muulize kwa upole, kama mtu anayeomba afundishwe biashara: chakula kikibaki tunafanyaje, na siku ngapi tunaweza kuvumilia kikibaki?

Halafu kuna Dodoma yenyewe. Mji wetu huu biashara ya chakula ina misimu yake. Bunge la Bajeti likianza mwezi wa nne mpaka mwisho wa mwezi wa sita kila mahali pamejaa, vyumba hakuna, mtu akifungua chochote anauza, na ndio watu wengi wanadanganyika hapo, wanaona ule umati wanadhani ndio mji. Wabunge wakiondoka unabaki na majirani zako. Ijumaa jioni nayo unaijua, tangu treni ya SGR ianze kufika huku 2024 wafanyakazi kibao wanashuka Dar kwa familia zao wanarudi Jumapili usiku. Vyuo vikifunga ni hivyo hivyo. Sisemi Ilazo hakuna wateja, kuna watu wanaishi pale na wanakula. Nasema kabla ya kodi ya miezi sita mtu akakae jirani na hiyo fremu, mchana wa Jumatano na mchana wa Jumamosi, aone ni miguu ya nani inapita na inaelekea wapi. Hiyo kazi ya bure kabisa mumeo anaweza kuifanya hata kesho. Aulize pia aliyekuwepo kabla alikuwa anauza nini na kwa nini aliondoka.

Kwenye mkopo naomba nikazie kidogo. Kwa mtumishi wa umma makato yote yakijumlishwa mshahara hautakiwi kubaki chini ya theluthi moja, kwa hiyo chukua salary slip yako ukae na kalamu uone una nafasi kiasi gani kweli, maana kama kuna mkopo wa kiwanja bado unakatwa inawezekana mnagombania hela ambayo haipo. Na ikipatikana, kumbuka makato yanakatwa mgahawa ukiuza na usipouza. Hela ile ya kodi, viti, majiko ya gesi, friji, leseni ya jiji, TIN, kupima afya wasichana, yote inatoka kabla hujauza sahani hata moja, na miezi hiyo bati zitaendelea kusubiri. Mumeo anaona mgahawa unapaua nyumba ndani ya mwaka. Inawezekana. Inawezekana pia mkakaa miaka na nyumba kwenye lenta na deni juu yake. Yote mawili yawekeni mezani, lisiwekwe moja tu.

Na saa tisa usiku, mdogo wangu! Kisasa, jikoni, Mtumba, jioni Ilazo, watoto. Kwenye mpango huo nimetafuta mahali umepangiwa kulala sijapaona.

Sasa nigeuke upande wako, na hapa univumilie.

Umeandika kama vile mumeo anapigana na raha yako. Labda. Lakini nimesoma mara ya pili nikajiuliza, huyu mtu anaogopa nini? Mvua za huku zikianza Desemba zinapiga mpaka Aprili, na ukuta ambao haujapauliwa unanyeshewa wote huo muda, na mwanaume anayepita Nala kila wiki akaona tofali zake zinalowana ana namna ya kuumia ambayo si rahisi kuisema. Anaisema kwa bati. Inawezekana pia, na hili nalisema taratibu, kwamba fungua mgahawa ndio namna yake ya kukusifia. Wanaume wengi wa biashara wakiona kitu kizuri wanaona duka. Hiyo haimpi haki ya kukupangia maisha, ila inabadilisha namna ya kumjibu. Mtu aliyekusifia vibaya na mtu anayekudharau hawajibiwi sawa.

Kitu kingine hukuniambia, yeye starehe yake nini? Kwenye barua nzima kuna biriani lako na nazi zako na paja lako la mbuzi, la kwake sijaliona hata moja. Kama anayo, mpira, bia mbili za Jumamosi, chochote, basi mazungumzo ya starehe yawe ya watu wawili. Na kama hana kabisa, kila kitu chake kinaenda Nala, hapo napo ni vizuri ujue, maana mtu aliyejinyima kila kitu harufu ya nyama choma inamwingia puani tofauti.

Na lile la kwenda peke yako. Naomba ujiulize kwa siri, si kwa ajili yangu. Unaenda peke yako kwa sababu yeye alikataa kwenda, au kwa sababu peke yako ndio raha yenyewe? Yote mawili ni halali. Mimi binafsi namwelewa sana mwanamke anayelisha watu wiki nzima akataka mara moja kuletewa sahani na asiongeleshwe, hata mama wa maharage nadhani anakuelewa, ndio maana anacheka. Lakini kama ni la pili na yeye anadhani ni la kwanza, au kinyume chake, mnagombana kwenye vyumba viwili tofauti. Aliwahi kufika Majengo akamwona huyo mama? Anajua kwamba unachokwenda kufanya pale ni kujaribu kugundua kilichotiwa kwenye maharage? Wengi wakisikia mke anatoka kwenda kula wanapiga picha ya mishumaa. Akiona benchi la Msalato na vumbi lake labda picha itabadilika. Ila kuna hatari hapa nikwambie, ukimchukua akapenda, hiyo kona yako karibu imeisha, utakuwa unaenda na mtu anayekuuliza tunaondoka saa ngapi. Kwa hiyo pima ni sehemu ipi uko tayari kumgawia na ipi ubaki nayo.

Wifi sina mengi. Hujaniomba nimjibu na sidhani kama kumjibu kutakusaidia, mtu aliyeamua kuna anayekulipia hata ukimletea risiti atasema imechapwa. Kilichonishika ni ule ukimya wa mumeo. Umeuandika kwa sentensi moja fupi mwishoni na ukakimbia, na mimi nahisi hiyo sentensi ni nzito kuliko mgahawa. Alinyamaza kwa sababu anaamini, au aliogopa kugombana na dada yake mbele za watu, au alipigwa na butwaa? Mimi sijui na wewe hujui, yeye ndio anajua. Muulize mkiwa wawili tu, siku ambayo hamjaongelea hela. Jibu linaweza kukuumiza, hilo nalo lipo, ila sasa hivi unaishi na jibu ulilojitungia mwenyewe. Na likiwa baya kiasi kwamba kuna tuhuma kweli ndani ya nyumba, basi jueni mnachozungumza si chakula tena, na mtafute mtu mzima mnayemheshimu wote awasikilize.

Mama mkwe ni habari nyingine. Huyu ndio alikufundisha mlenda, alikaa na wewe jikoni akakuonyesha magadi kiasi gani. Mwanamke wa namna hiyo akisema unafuata nini kwenye majiko ya watu, inawezekana hajakasirika, kaona jiko alilokufundisha limedharauliwa. Siku ukienda Mpwapwa mwambie habari za majiko ya watu, mwambie fulani anaweka hivi fulani anaweka vile, umuulize yeye anaonaje. Sina uhakika, ila sitashangaa akikuambia naye kuna mahali alikuwa anapenda kula ujana wake.

Turudi kwenye uamuzi. Kukataa mgahawa moja kwa moja unaweza, mkopo ni wa mshahara wako na saini ni yako. Hatari yake ni kwamba hapana tupu, bila kitu pembeni yake, itabaki inasikika kama hapana kwa nyumba. Ukiikataa nenda na kitu mkononi, hata kama ni hesabu tu ya lini bati zitapatikana bila mgahawa. Kukubali nako unaweza, watu wengine wanagundua wanapenda biashara kuliko walivyodhani, ila wewe ushahidi wako mwenyewe unaelekea upande mwingine, na ukilazimika kufunga mwezi wa tano deni halifungi.

Katikati kuna njia, zote na miiba yake. Mnaweza kupika kwenye sherehe tu, mara moja moja, masufuria ya kukodi kama ile harusi, bila fremu na bila mkopo, hela ikaenda kwenye bati moja kwa moja akaiona kwa macho. Hiyo inaweza kukufaa kwa sababu ulifurahia. Lakini sherehe moja ikizaa tatu, na tatu zikizaa kila Jumamosi, utajikuta uko pale pale kwenye harufu ya kitunguu, kwa hiyo idadi iwekwe kabla ya kuanza, na uwe na ubavu wa kusema mwezi huu imetosha. Njia nyingine, kama mumeo anauamini sana mgahawa, aufungue yeye. Kwa hela ya duka lake, aajiri mpishi, wewe umfundishe mpishi mambo mawili matatu halafu utoke. Mwambie bila kejeli. Akikubali utajua ana imani na biashara yenyewe. Akisita, hapo mna cha kuzungumza, kwa nini inaonekana nzuri ikiwa kwa mkopo wako tu? Ingawa najua mume akiwa na mgahawa na mpishi akaumwa, saa tisa usiku atagongewa nani mlango.

Na hela ya kula. Hukunitajia ni kiasi gani kwa mwezi na nadhani hata wewe huijui vizuri. Andika mwezi mmoja, kila kitu, wali wa Majengo na biriani na nauli ya bajaji. Usiandike ili umshinde, andika ujue. Inaweza kuwa ndogo kuliko kelele zake, inaweza kuwa kubwa kuliko ulivyojiambia, jiandae kwa yote. Baada ya hapo mnaweza kukubaliana fungu la mtoko, la kwako na la kwake, kila mtu anafanya lake bila kuulizwa bati. Uangalie tu lisigeuke kuwa la kuombea ruhusa. Kama kila Jumamosi itabidi usimame mbele yake umwambie naenda Msalato naomba, fungu hilo halijatatua kitu.

Lile la kwenda kimya kimya naona uliliandika mwishoni kama mtu anayejaribu kiatu dukani. Sitakugombeza. Ila fikiria lipa namba, meseji inaingia, jina la mgahawa na saa, na wifi yako ameshasema alichosema. Halafu utakula ukiangalia mlango, na ulichokuwa unakifuata pale ni utulivu.

Kuhusu mtoto na soda, hilo mngeweza kulimaliza wiki hii hii bila kusubiri mengine. Mwambie baba yao bati zibaki kati yenu wawili, watoto wanywe soda.

Na mwenye fremu akipiga simu mwisho wa mwezi hamjamaliza kuzungumza, mwambieni hamjamaliza. Fremu Dodoma zinajengwa kila siku. Ukipata nafasi niandikie tena mlifikia wapi, hasa kama mmekubaliana jambo ambalo mimi sikuliwaza kabisa, na yule mama akikuambia anatia nini kwenye ile kuunga ya pili, usininyime.

Anti